Matofali ya Kuchoma na Wafalme wa Roskilde

Nauli ya treni kutoka Copenhagen hadi Roskilde sitaitaja. Ni mwendo wa nusu saa tu, na moyo bado unauma. "Shemeji," akaniambia mwenyeji wangu, "huku ukianza kupiga hesabu za shilingi hutakula."

Nilikwenda kuona Kanisa Kuu la Roskilde. Kwa kanisa wanamozikwa wafalme wa Denmark, nilitegemea mawe ya kuchonga. Nikakuta matofali! Matofali mekundu ya kuchoma, toka chini hadi juu, mengine yameiva kupita kiasi na kuwa meusi, kama yale yanayotoka katikati ya tanuri kwetu Iringa. Nchi ile haina mawe mengi mazuri ya kujengea, ila udongo wa mfinyanzi umejaa. Askofu Absalon aliuanza ujenzi miaka ya 1170 kwa matao ya duara. Mrithi wake, Peder Sunesen, aliyesomea Paris, akaleta mtindo mpya wa Kifaransa wa Gothiki: matao yaliyochongoka na dari inayokulazimisha kukunja shingo.

Kwetu mtu anafyatua matofali, anachoma, anajenga, na akipata hela kidogo tu anapiga plasta, eti tofali likionekana nyumba haijaisha. Kanisa hili lina zaidi ya miaka 800 na kwa nje bado liko wazi, na dunia nzima inakuja kulipiga picha.

Ndani wamelala wafalme na malkia karibu 40. Makaburi ni ya marmar, yanachosha upesi. Kilichonishika ni nguzo moja katika kanisa dogo la Mfalme Christian I, humo humo ndani, yenye alama za urefu wa wakubwa waliopita pale. Tsar Peter wa Urusi, aliyefika 1716: sentimita 208. Christian I mwenyewe: 219.5! Baadaye mifupa yake ilipopimwa ikatoa 188. Hata kwenye jiwe watu wametia chumvi.

Shemeji, ambaye si mrefu, akasogea kwenye alama ya Christian VII, sentimita 164. "Huyu nimempita." Nikamwambia ashushe visigino. Akakataa. Mzee mmoja wa Kidenishi, bila kuulizwa, akainama kumwangalia viatu, akatikisa kichwa.

Ubishi ukatufuata hadi mgahawani, ambako chai mbili na kipande cha keki vilitoka kwa bei ya mbuzi. Nikamwachia bili: mrefu ndiye alipe.