Ati sijapata kutaka kitu

Vyombo vya harusi nshavirudisha vyote kwa wenyewe, madaftari ya fom tuu nimesahihisha mpaka macho yananiwasha, na lile neno alonambia kaka bado liko palepale. Tena si tusi. Lingekuwa tusi ningelijibu siku ileile yakesha.

Harusi ya mtoto wa ami imepita salama alhamdulillah, mvua ilitusumbua kidogo lakini watu walikula wakabakisha, na kaka ndo kaacha kazi rasmi, barua kaipeleka wiki hii, haya hayo ndo mahabari makubwa na mtayasikia kwengine. Mie nna langu.

Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, tumekaa barazani kwetu Wete, Pemba, mie, kaka, wifi, na mama kajinyoosha kwenye jamvi lake. Kaka mnamjua, ndo yule wa ile posti ya kisima, alowahutubia mafundi badala ya kuwalipa. Basi akasema, hakuulizwa na mtu, "Mie 2030 nachukua fomu." Nkadhani uwakilishi, nkamuuliza jimbo gani. Akanitazama. "Jimbo? Nasema urais." Mama akasema lahaula, akageukia upande wa pili.

Sikucheka wallahi. Nlimuuliza kitu kimoja tu, na wifi je, na watoto, mtakula nini kuanzia mwezi ujao mpaka hio 2030? Akamaliza chapati yake taratibu, akanambia kwa upole, na huo upole ndo ulonichoma: "Weye hutoyajua haya. Weye hujapata kutaka kitu." Kisha akaniomba nimsogezee sukari.

Nkamsogezea!

Toka siku hio nimemjibu mara chungu nzima, ila yeye hajui, kesharudi zake Unguja. Namjibu kwenye daladala, namjibu nimegeukia ubao naandika, watoto wanadhani nasoma dua. Mwanzo nlimjibu kwa Maalim Seif, yule kiongozi wa upinzani, maana ndo mfano anaoupenda yeye. Nkamwambia haya, mtu kazaliwa Mtambwe 1943, 1984 ni Waziri Kiongozi, 1988 kafukuzwa chama, 1989 katiwa ndani mpaka 1991, katoka, kagombea urais wa Zanzibar 1995 wakatangaza kakosa, 50.2 kwa 49.8 (baba alizirudia namba hizi mpaka tukazijua kabla ya jedwali la nane), akagombea 2000, 2005, 2010, 2015 matokeo yanatangazwa mwenyekiti wa tume akaufuta uchaguzi mzima, na 2020 akarudi tena ana miaka 77. Mara sita! Disemba ile akaapishwa Makamu wa Kwanza wa Rais, Februari 17, 2021 tukapokea msiba, akaja kuzikwa hukuhuku kwao Mtambwe. Umri wa mtu umekwenda humo wote, sasa weye kaka kipi ulichokiona hapo ukakitamani?

Tatizo ni kwamba kaka wa kichwani mwangu anajibu vizuri kuliko nnavotaka. Ananambia angekata tamaa 2000 yale Maridhiano ya 2009 angekaa nani na Amani Karume, rais wa wakati ule? Ile kura ya maoni ya Julai 2010 ingetoka wapi, na hii Serikali ya Umoja wa Kitaifa nani angeitia kwenye katiba? Na ni kweli, nisiwe mnafiki. Nyie mlokulia Pemba miaka ile mnakumbuka, watu kwa ajili ya vyama hawazikani, harusi hawaendeani, sie watoto tunajua duka gani hatutumwi hata kama chumvi iko hapo tu na kwengine ni mpaka uvuke barabara. Leo nanunua popote na wala sifikiri.

Lakini gharama hakuilipa Maalim peke yake, hapo ndo nnapomkamata kaka. Baba alikuwa mwalimu, baada ya 1995 hakuwa mwalimu tena, siandiki zaidi ya hapo. Yeye hakuutafuta hata usheha wa mtaa. Mama aliuza mabati ya banda la uani ili kaka huyuhuyu amalize skuli. Na sijapata kumsikia baba akimlaumu mtu, yeye akisema tu safari hii Maalim anaipata. Kila safari alisema hivo, mpaka na ile ya mwisho alokuwa hawezi tena kwenda kituoni mwenyewe.

Na hao walioupata urais je? Mzee Abeid Karume, rais wa mwanzo, kauliwa 1972 yuko Kisiwandui anacheza bao. Mzee Jumbe 1984 kajiuzulu vyeo vyote kule Dodoma, akaenda kukaa Mji Mwema, Kigamboni, zaidi ya miaka 30 mpaka anafariki 2016. Marehemu Idris Abdul Wakil kakaa kipindi kimoja, 1985 mpaka 1990, akaondoka madarakani. Huyu nampenda sijui kwanini, na hatajwi. Tena hapo hatujaisema hio fomu yenyewe, 2020 ndani ya CCM peke yake walioichukua kwa urais wa Zanzibar walizidi 30 na aliepita mmoja, wale wengine wamebaki na picha za siku ya kukabidhiwa.

Nlikuwa nimeshiba hoja hizi. Jana usiku nkampigia wifi, nimejitayarisha kabisa kumliwaza.

"Wifi, pole na hili."

"Lipi?"

"La kaka kuacha kazi."

Akacheka. "Wifi, mie ndo n'lomwambia apeleke barua. Kila taarifa ya habari ingekuwa mie, ingekuwa mie, ingekuwa mie, nimechoka miye. Na ende akashindwe tupumzike." Nkadhani kamaliza, mara akanambia kwa sauti nyengine kabisa, "Na akiipata? Weye unajuaje?"

Loh! Nimecheka mpaka mama kaamka. Mie hapa wiki nzima namlilia mtu, kumbe mwenzangu keshapima mapazia ya Ikulu ya Migombani! Na pete zake alizouza, ambazo nlizitia kwenye hesabu ya dhambi za kaka, kauza kwa akili yake timamu na wala hajanung'unika, alienung'unika ni mie.

Ila nlipokata simu lile la kaka likapanda upya. Maana mie pia nataka, wacha niliandike. Niliutaka ualimu mkuu msaidizi, nikajaza na karatasi, nkaambiwa yupo anaefaa zaidi, nkasema inshaAllah nkaingia darasani. Nlitaka kwenda Dar kusoma, ukawa ndo mwaka alofariki baba na mama hawezi kuachwa. Sikuyasema barazani mbele ya watu, na kwetu sisi jambo usilolisema barazani basi hulitaki. Kaka akitaka kitu nyumba nzima inajipanga, huyu auze bati, huyu auze pete, huyu asogeze sukari. Na linaloniudhi kuliko yote, 2030 akija hapa na hio fomu yake nnajijua, ntazunguka Wete nzima kumuombea kura na khanga zake ntavaa.

Haya, na jengine. Asubuhi natafuta kibiriti kwenye kimkoba cha mama nkakuta vidonge vyake vya presha kavikata nusunusu, vyote, kavifunga kwenye kitambaa. Namuuliza anasema vizima vinamtia kizunguzungu. Toka lini hasemi, na daktari hajamwambia. Kesho mie nna zamu skuli na sijapata mtu wa kumpeleka hospitali Chake.