Namna nilivyofanya utafiti wa uzamivu pamoja na wanafunzi viziwi mkoani Tabora

Wahadhiri wasaidizi wanaoanza kazi katika elimu maalumu na elimu jumuishi huniuliza mara kwa mara nilivyoweza kumaliza shahada ya uzamivu huku nikiendelea kufundisha Tabora. Upande wa ruhusa na ada hauna maelezo mengi: mwajiri alinipa kibali cha masomo kwa maandishi, ada nikailipa kwa awamu, na likizo za chuo nikazitumia kukusanya data. Kilichonigharimu muda na akili ni kutafuta namna ya kupata maelezo ya wanafunzi viziwi kutoka kwao wenyewe, badala ya kuyapokea kwa watu wanaowasemea.

Mkoa wetu una historia ndefu katika jambo hili, kwa kuwa shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa hapa Tabora mwaka 1963 chini ya Kanisa Katoliki. Sheria nazo zipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao Ibara yake ya 24 inahusu elimu, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Hata hivyo, tasnifu nyingi nilizozisoma kuhusu wanafunzi viziwi katika sekondari za kawaida zilikuwa zimejengwa juu ya mahojiano na wakuu wa shule, walimu na wazazi, wakati wanafunzi wenyewe walipewa hojaji iliyoandikwa kwa lugha wasiyoimudu vizuri, wakaweka alama za vema kwenye visanduku, basi. Kwangu hilo lilikuwa suala la haki kabla halijawa suala la mbinu za utafiti, kwa sababu mtu anayenyimwa nafasi ya kueleza maisha yake mwenyewe amebaguliwa hata kama jina lake limo katika orodha ya walioshiriki.

Nilianza na lugha. Stashahada yangu ya elimu maalumu ilinipa msingi wa lugha ya alama, lakini msingi ule haukutosha kufuata mazungumzo ya vijana wakiwa wenyewe kwa wenyewe. Nikawa nakwenda jioni kwa fundi cherehani mmoja kiziwi katika kata ya Ng'ambo, hapa mjini Tabora, ambaye kibanda chake kilikuwa kituo cha viziwi wenzake, nikakaa nao, nikaulizia alama nisizozijua na kuzirudia mpaka wakaridhika nazo. Hapo ndipo nilipoona wazi kwamba alama hutofautiana kulingana na shule ambayo mtu alisomea, na kwamba mkalimani aliyezoea alama za eneo moja anaweza kumpotosha mwanafunzi aliyetoka kwingine. Kwa hiyo niliomba idhini ya kufanya kazi na msaidizi wa utafiti ambaye mwenyewe ni kiziwi. Msimamizi wangu alisita mwanzoni, akihofia ubora wa data, kisha akakubali baada ya kuona mahojiano ya majaribio.

Njia ya vibali inajulikana na kila aliyefanya utafiti katika shule zetu: barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo wilayani, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, mwisho kwa mkuu wa shule. Inataka subira tu. Ridhaa ndiyo iliyokuwa kazi. Wazazi wengi wa wanafunzi wale wanaishi Urambo na Kaliua, na wakati wa kuvuna tumbaku huwapati kwa urahisi kwa sababu mchana wako shambani na usiku wanaangalia moto kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Niliwafuata huko huko. Mzee mmoja, baada ya kunisikiliza kwa makini, aliniambia, “Mwalimu, kama mwenyewe ameridhia, mimi nitamkatalia kwa lipi?” Kwa wanafunzi, fomu ya ridhaa ya kurasa mbili niliiweka kando, na badala yake msaidizi wangu akarekodi video fupi akieleza kwa lugha ya alama utafiti unahusu nini, nani ataona picha zao, na kwamba kukataa hakuna adhabu. Baadhi walikataa. Nililichukulia hilo kuwa ishara kwamba maelezo yameeleweka.

Mahojiano yenyewe tuliyafanya katika chumba cha maabara kisichotumika, na maandalizi yake ningependa yajulikane kwa sababu vitabu vya mbinu za utafiti nilivyokuwa navyo havikuyataja. Viti vilipangwa nusu duara ili kila mmoja aone mikono ya mwenzake. Hakuna aliyeketi mgongo wake ukielekea dirishani, kwa kuwa mwanga wa nyuma hufanya uso na vidole vionekane kama kivuli. Msaidizi wangu alivaa shati la rangi moja lisilo na maua wala mistari, akaongoza mazungumzo, nami nikakaa pembeni karibu na kamera. Kinasa sauti hakina kazi hapa, na video huleta tatizo lake la kimaadili, maana huwezi kumficha mtu ambaye sura yake ni sehemu ya lugha yake. Tulizihifadhi rekodi katika diski iliyofungwa kwa nywila na hatukuchapisha picha hata moja. Kisha kila rekodi tuliitafsiri kwa Kiswahili sisi wawili, kila mmoja kwa upande wake, tukalinganisha, na palipotofautiana tukarudi kwa mwanafunzi mwenyewe akatueleza alichokusudia.

Waliyoyasema hayakuwamo katika hojaji za wengine. Mwalimu anapoandika ubaoni huku akizungumza, mwanafunzi anayesikia hupata vyote viwili kwa pamoja, ilhali kiziwi hulazimika kuchagua: amtazame mkalimani au anakili ubao. Akitazama mikono anakosa notisi. Akiinama kuandika anakosa maelezo. Pasipo mkalimani, ambako ndiko kwingi, yeye hunakili daftari la jirani yake na kubaki nyuma kipindi kizima. Binti mmoja wa kidato cha tatu alitueleza kwamba rafiki yake huweka karatasi ya kaboni chini ya ukurasa anapoandika, ili nakala ya pili iwe ya binti huyo na macho yake yabaki kwa mkalimani. Utaratibu huo wa wasichana wawili haukuwa umeelekezwa na mtu yeyote. Niliuweka katika sura ya matokeo kwa kirefu, na katika utetezi wa tasnifu jopo lilitumia muda mwingi kuuliza juu yake kuliko juu ya nadharia niliyoitumia.

Katika upandishaji wa vyeo, makala zilizochapishwa katika majarida yanayotambulika ndizo zenye uzito, nami niliziandika kwa Kiingereza kama inavyotakiwa. Ila sikuona haki kwamba walionipa maarifa yale wasiweze kuyafikia. Tulirudi shuleni na muhtasari wa Kiswahili kwa ajili ya walimu na wazazi, pamoja na video ya lugha ya alama kwa wanafunzi, wakaijadili mbele ya walimu wao. Mwalimu wa hisabati alianza kunyamaza anapoandika ubaoni na kugeukia darasa kabla ya kueleza. Kwangu hilo lina thamani sawa na makala.

Sasa wanachuo wangu wanaokwenda mafunzo kwa vitendo hukaguliwa pia kwa kipengele hicho cha kunyamaza wanapoandika ubaoni, na ninamsimamia mwanafunzi kiziwi wa shahada ya kwanza anayetaka kuendelea na uzamili. Mkalimani wake analipwa kwa michango ya wahadhiri wa idara. Andiko la kuomba fungu maalumu la ukalimani katika bajeti ya chuo nimeliwasilisha, na nitalifuatilia mpaka lijibiwe.