Nyota Iliyojificha Nyuma ya Mwenziwe

Baada ya isha, wengine hufungua simu kuangalia matokeo ya mpira. Mimi hufungua grafu ya Centaurus X-3, chanzo cha eksirei kilichoko mbali angani; grafu yaonyesha mng'ao wake. Takwimu zake zinatoka kwa MAXI, chombo cha Wajapani kilichoko kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga tangu 2009, ambacho kila baada ya dakika 92 hivi huwa kimepitia karibu anga yote. Usiku huu nukta ziko chini kabisa.

Ukisimama Mama Ngina, ufukweni Mombasa, ukatazama kusini, iko kulia kwa Salibu, zile nyota za msalaba wa kusini, na jicho halioni kitu. Ni nyota mbili. Moja ni pandikizi, uzito wake unakaribia majua 20. Mwenziwe ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichoshindiliwa cha nyota iliyolipuka, haizidi upana wa mji, lakini humnyonya yule mkubwa gesi, na gesi ile ikiporomoka hupata joto la kutoa eksirei. Mdogo hujizungusha kila sekunde 4.8, kwa hiyo eksirei zinatufikia kwa mapigo. Kila siku 2.09 mkubwa hupita mbele yake, mapigo yakakatika karibu nusu siku. Hayo ni kupatwa, kama jua linavyopatwa. Tena mapigo yenyewe huwahi na kuchelewa kidogo kwa mpango uleule, kadiri mdogo anavyotukaribia na kutuacha. Kwa dalili hizo mbili ikajulikana kuwa zimefungamana.

Aliyeziona kwanza dalili hizo ni Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya eksirei za angani. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru wa Kenya, ndipo ikapata jina. Eksirei hazipenyi hewa ya dunia, lazima uzifuate juu, na roketi inayoondoka karibu na ikweta husukumwa bure na mzunguko wa dunia. Mimi shuleni nilifundishwa bendera na gwaride la siku ile, setilaiti sikuisikia. Hilo bado linaniuma.

Ami yangu, aliyekulia Malindi, huyaita majukwaa yale "ya Wataliano", basi. Nilipomweleza alinikazia macho: "Sasa mwanangu, nyota ikizimika ndiyo mwafurahi?"

"Naam, ami."

Lakini kuzimika kwa usiku huu si kupatwa. Kupatwa kuna hesabu; huku kunyong'onyea kwa siku nyingi hakuna ratiba. Huenda gesi inayoanguka imepungua, au sahani ya gesi inayomzunguka mdogo imetuzibia njia. Mimi naegemea hilo la sahani. Nyakati za unyonge, kingo za kupatwa hulainika badala ya kukatika ghafla, kama kwamba tunachopokea ni eksirei zilizotawanywa kutoka eneo pana, na chanzo chenyewe kimefichwa.