Natazama sakafu ya bahari ya Norwe kutoka Bububu, Unguja

Saa 1 asubuhi nishakunywa chai, kompyuta inawaka. Mtaani wanadhani nacheza gemu. Kazi yangu ni kusafisha vipimo vya kina cha bahari: meli inapiga sauti chini, mwangwi unarudi na kina, nami naondoa vipimo vibovu kabla wataalamu hawajaisoma ramani. Mpaka saa 4 ni kufuta tu.

Mjomba, mvuvi, alipita kuchaji simu. "Barafu ishayeyuka zamani, mnaitafutia nini?"

Nikamwonesha michirizi. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita barafu ilishuka kutoka Skandinavia hadi baharini, ikikwaruza sakafu kwa uzito wake. Barafu za dunia zilikuwa zimeshika maji mengi hata bahari ikashuka mita 120 hivi; Unguja ilikuwa imeungana na bara, Pemba ikabaki kisiwa kwa kina cha mkondo wake.

Saa 5 msimamizi wangu akaandika kutoka ng'ambo: zile kunyanzi za sakafuni kwenye ramani zifute, ni alama za mtikisiko wa meli tu.

Nikakasirika. Kunyanzi zenyewe ni matuta madogo, hazifiki mita 2 kwenda juu, zimepangana kama mikunjo ya mkeka. Zingekuwa za mtikisiko, zingegeuka kila meli ilipogeuka. Nikaanza kufuata moja moja. Umeme ukakatika, kazi ambayo sijaihifadhi ikapotea, nikaanza upya. Adhuhuri ikapita, chakula kikapoa. Tuta moja lilivuka njia tatu za meli, zilizopimwa siku mbalimbali, na ncha zake zikakutana. Meli haiwezi kutikisika namna moja siku tatu.

Mwaka 2023 watafiti walieleza matuta ya aina hii zaidi ya 7,600 huko huko Norwe. Maji yakijaa, ukingo wa barafu unanyanyuka. Yakipwa, unakaa chini na kuminya tope, tuta linabaki. Matuta mawili kwa siku. Kwa kupima nafasi baina yake walijua barafu ilirudi nyuma mita 50 hadi 600 kwa siku. Ukifuta tuta, umefuta nusu siku ya barafu ile.

Mjomba, aliyerudi kuchukua simu magharibi, alinisikiliza kimya. "Kumbe ni kupwa na kujaa," akasema, akainama kuyahesabu kwa kidole.

Nimetuma picha 14 na maelezo. Jibu limekuja usiku, macho yananiuma: yabaki.