Prodyuza wa Sydney anatafuta mbia, mi nikajiona nishapata

Juzi niko soko la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza napimiwa dagaa, simu ikaita, prodyuza mmoja wa Sydney tuliyejuana mtandaoni, anasema ana skripti ya wavuvi wa Ziwa Victoria na anatafuta mbia wa nje. Bana nikaondoka huku naongea, mama wa dagaa akawa ananiita "we kaka, chenji yako!" na mi hata sisikii, kichwani nishaona jina langu linapanda kwenye skrini.

Usiku nikakaa nikasoma. Kumbe ubia wa filamu kwa Waaustralia si wa kupeana mikono tu. Ubia rasmi unapitia Screen Australia, shirika la filamu la serikali yao, na lazima serikali ya kule na ya kwenu ziwe zimesaini mkataba. Wanao na Uingereza, Kanada, Ujerumani, India na wengine kibao, Afrika nzima nimeona Afrika Kusini tu. Tanzania hatumo.

Na mkataba ndo kila kitu, maana ukiwepo filamu inahesabika ya nyumbani kote kuwili, kila mtu anaenda kuchukua msaada kwa serikali yake. Kule prodyuza wa filamu ya sinema anarudishiwa asilimia 40 ya matumizi yanayokubalika, tamthilia za TV ni 30, ila matumizi yenyewe kimsingi yawe yamefanyika Australia na hela inatoka filamu ikishakamilika, kwa hiyo huku katikati anaishi kwa mikopo. Hiyo 60 iliyobaki ndo inamfanya azunguke dunia kutafuta watu, soko la kwao lenyewe watu milioni 27 hivi. Sasa mi na laptop yangu na maiki mbili ninamzibia pengo gani?

Nilivyompigia tena akanyoosha maelezo, mbia atakuwa wa Johannesburg, Mwanza itakuwa lokesheni. Mi nitafute mitumbwi, jenereta, nifuatilie kibali cha Bodi ya Filamu, nilipwe kwa siku. Na hata hiyo lokesheni lazima iombewe ruhusa, maana sisi kwenye huo mkataba ni nchi ya tatu. Ya tatu, kwenye ziwa letu!

Simlaumu sana, hesabu zimembana. Ila hii sinema tushaiona, ile dokumentari ya sangara ya 2004, Darwin's Nightmare, ilipigwa hapahapa Mwanza, watayarishaji Austria, Ufaransa na Ubelgiji. Sisi tulitoa samaki na sura zetu, na kelele za kuilalamikia baadaye.

Njia nyingine ipo, ubia wa kienyeji wa mkataba kati yangu na yeye, bila serikali, shida ni kwamba hapo filamu lazima ijitetee yenyewe kuwa ina Uaustralia wa kutosha ndo apate ile 40, na stori ya dagaa wanaovuliwa kwa taa usiku Uaustralia wake uko wapi jamani. Nikamwandikia hivyohivyo, nikasema mi naweka mitumbwi, watu na miezi yangu ya kurekodi sauti kule Igombe, we niandikie asilimia yangu, hata tano.

Tiki za bluu zikatokea palepale. Kimya siku mbili. Jana usiku kajibu, anauliza mtumbwi wenye injini unakodishwa shilingi ngapi kwa siku.