Vita ilianza lini?

Mapumziko ya mchana kazini leo, hapa Houston.

Mzee ninayefanya naye kazi ghalani ni Republican wa kutupwa, na redio yake ni ya mrengo huohuo. Mada ya leo: Kabul, Afghanistan, Agosti 2021. Biden kaondoa majeshi ovyo, askari 13 wakafia pale getini uwanja wa ndege.

Hapo sikubishana. Ule uondokaji ulikuwa aibu. (Mkataba wa Doha wa 2020, ule wa Marekani na Taliban wa kuondoa majeshi, uliosainiwa enzi za Trump, hawakuugusa kabisa, lakini nilikuwa nakula, nikanyamaza.)

Halafu mtangazaji akasema vita dhidi ya ugaidi ilianza 11 Septemba 2001.

Chapati ikanikwama.

Nikamwambia, mzee wangu, sisi ilitufikia 7 Agosti 1998. Ijumaa asubuhi. Ubalozi wenu Nairobi, ubalozi wenu Dar, zote zililipuliwa siku moja. Zaidi ya watu 200 walikufa, na Wamarekani kati yao walikuwa 12 tu.

Nilikuwa darasa la tatu, Msasani. Madirisha yalitetemeka, mwalimu akadondosha chaki. Mama alikuja kunichukua mbio, kandambili mguu mmoja, mwingine peku. Hakuwa na habari kama yuko peku.

Mzee akaizima redio. Sijawahi kumwona akiizima.

Akauliza, "Mama yako bado yupo?"

Yupo. Jana tu kanipigia anadai picha za wajukuu.

Wa Dar na Nairobi, siku ile mlikuwa wapi?