Kuhama Gulu kwenda Kabale na watoto kwenye Fuso ya irishi

Transfa ya jeshi haina stori ndefu. Signali inafika, jina la mume wako limo, tarehe ya kuripoti imeandikwa, basi. Baba watoto alirudi jioni akakaa kwenye benchi nje ya yuniporti akaanza kulegeza kamba za buti tundu moja moja, mi nikajua hapa kuna neno. Nikamuuliza wapi, akasema Kabale, kusini magharibi kabisa, na sisi tuko Gulu kaskazini. Nikacheka kwanza, maana Uganda nzima ukitaja Kabale mtu anakujibu neno moja tu, baridi.

Kwa wasiojua yuniporti, ni zile nyumba za bati za duara utakazoziona kwenye bareki nyingi za polisi na jeshi. Mwezi wa pili Gulu saa nane mchana ndani hapakaliki, watoto wote wa laini, yaani safu yetu ya nyumba, wanashinda chini ya miembe na usiku mlango unaachwa wazi mpaka upepo uingie. Mtoto wetu mdogo amezaliwa humo, sweta alikuwa hajawahi kuvaa. Sasa huyo ndo napeleka mahali ambapo usiku kipimo kinashuka mpaka digrii kumi na kitu, tena mwezi wa sita na wa saba ndo baridi yenyewe, na transfa yetu ilitoka wa tano!

Wenzangu wengi walinishauri nibaki. Ndo kawaida, mume anaenda, mama na watoto wanabaki bareki au wanarudi kijijini, nyumba mbili zinakula mshahara mmoja na baba anageuka sauti ya kwenye simu. Mi nimekulia Bombo, mji wa bareki kaskazini ya Kampala, baba yangu alikuwa askari, hiyo hesabu naijua vizuri, kwa hiyo nikamwambia baba watoto tangulia utafute nyumba, sisi tunakuja nyuma yako. Akanitazama tu. Akachukua mkopo kidogo pale Wazalendo SACCO akaenda, na baada ya muda akapiga simu kwamba huko detachi, kambi yao ndogo, hakuna nyumba za familia, itabidi tupange uraiani, sehemu inaitwa Kirigime, nje kidogo ya mji.

Uraiani jamani. Tangu nizaliwe sijawahi kuishi mahali ambapo hakuna kota gadi, askari wa zamu pale getini.

Ushauri kwa wanaohama upande huu, usikodi lori kavu kavu. Kuna Fuso, yale malori, zinapakia irishi, yaani viazi mviringo, na kabeji Kabale zinaleta Gulu, zingine zinapitiliza mpaka Elegu mpakani kwa ajili ya soko la Juba, na zikirudi mara nyingi ziko tupu, dereva anatafuta tu wa kumsaidia mafuta. Yetu nilitafutiwa na mama mmoja wa sokoni anayepokea hizo irishi. Bodi yote ilikuwa bado na udongo mweusi wa huko kwao, tukatandika turubai, tukapakia kitanda kimefunguliwa, magodoro yamekunjwa yakafungwa na zile kamba za mpira wa tairi, sigiri ya makaa ndani ya sufuria kubwa, ndoo ya odi (rojo la ufuta na karanga), jeri ya mafuta ya kupikia, na kopo langu la moo yaa, yale mafuta ya Acholi ya kupaka, maana niliambiwa midomo ya watoto itapasuka. Taniboi, utingo wake, akalala juu ya magodoro, mi na watoto tukabanana mbele na dereva.

Dereva alikuwa Mukiga mtu mzima, Kiswahili chake cha barabara ya Juba, kimechanganyika Kiarabu kidogo, na mimi kama Mnubi, ambao lugha yetu imetokana na Kiarabu, nilimwelewa kuliko alivyotegemea. Akaniita mama askari safari nzima.

Bobi, Minakulu, Kamdini, hapo hakuna la kusimulia. Karuma nyani wamekaa pembeni wanangoja ndizi, na darajani askari wamesimama, picha marufuku, mtoto wangu mkubwa akawapigia saluti na mmoja akamrudishia. Dereva akaanza kulalamika juu ya hilo daraja, la tangu 1963, lilivyofungwa mwezi wa tisa 2024 kwa matengenezo na magari makubwa yakaambiwa yazungukie Soroti na Lira, irishi zake zikaanza kuoza njiani. Tukaenda naye hivo hivo na malalamiko mpaka Kafu, Nakasongola, Luwero. Tukalala Bombo.

Bombo ni kwetu, haboba yangu bado yupo, mama wa mama yangu, macho yamepungua ila ulimi mzima. Alivyosikia Kabale akaingia chumbani akatoka na koti. Koti la sufi la marehemu babu, alikuwa King's African Rifles, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni, zito mpaka mkono unachoka kulibeba, linanuka nafthalini, vifungo viwili hakuna. Akasema, "Mjukuu wangu, blanketi za dukani za siku hizi ni za picha tu. Hili lilimtunza babu yako." Nikataka kukataa nikaona ataumia nikalipokea. Na niseme ukweli, lile koti ndo limelaza watoto wiki nzima ya kwanza.

Asubuhi dereva alitaka kuwahi foleni ya Bwaise na bado tukaikuta. Ukitoka barabara ya Gulu hauingii mjini kati, unashika Northern Bypass pale Bwaise unatokea Busega, hapo ndo barabara ya Masaka inaanza na joto la Kampala unaliacha nyuma na moshi wake. Kayabwe kwenye mstari wa ikweta tukasimama taniboi ajisaidie. Vijana wana mabeseni yao pale, upande huu maji yanazunguka kulia, upande ule kushoto, wazungu wanalipa. Mkubwa wangu akataka na yeye aone. Dereva akamwambia ule ni ufundi wa mkono wa mmwagaji, beseni dogo vile haliwezi kujua liko upande gani wa dunia, na kweli ndivyo, nguvu ya dunia kuzunguka ni ndogo sana kwa beseni. Ila mtoto hakutaka kuamini na mi sikumlazimisha.

Katonga tukapita salama, pale maji yalipokata barabara mwezi wa tano 2023, na Lukaya tukala. Lukaya huwezi kupita, hata ukifunga kioo watakigonga, kuku wa kijiti, ndizi za gonja, maji, wote kwa pamoja dirishani wanasukumana. Nikauliza kuku amechinjwa na nani, kijana akaapa mpaka kwa mama yake, nikanunua. Mdogo akashika paja lake hakuliachia mpaka Lyantonde.

Kuanzia Lyantonde nchi inabadilika, nyasi, ng'ombe wa Ankole na zile pembe, na karibu na Sanga pundamilia wako pembeni wanakula kama ng'ombe wa mtu. Tulivyokaribia Mbarara jua linazama na nikaanza kuvuta leso mabegani. Hapo kabla ya mji kuna bareki ya Makenke, divisheni ya pili. Nikaona geti, kota gadi, bendera, wanawake wanarudi na jeri za maji wakiongea kwa sauti, na sijui nisemeje, moyo ulinishika. Nilitamani dereva akate kona tukalale pale, najua ningeingia kwenye laini yoyote nimwambie mama yeyote mimi natoka divisheni ya nne Gulu, ningepata chai na pa kulaza watoto bila maswali. Fuso ikapita tu.

Baada ya Ntungamo giza limeingia na barabara inaanza kupanda. Gulu iko kama mita 1,100 juu ya bahari, Kabale inakaribia 2,000, na hiyo tofauti unaisikia masikioni kabla ya ngozi, mkubwa akalia masikio yameziba nikamwambia meza mate. Kona juu ya kona, gia ndogo, Muhanga ukungu ukafunga kabisa, taa za Fuso zinapiga ukuta mweupe na dereva anaendesha huku anatafuna muwa hana habari. Nikamwomba apunguze. "Mama askari, hapa ni nyumbani, mi nazijua hizi kona kuliko sura ya mke wangu." Hiyo haikunisaidia hata kidogo.

Baba watoto alitungojea barabarani na tochi, jaketi limefungwa mpaka shingoni, tukashusha mizigo kwenye manyunyu. Nyumba nzuri, siwezi kusema uongo, vyumba viwili, dari, vioo, sakafu ya saruji iliyong'arishwa. Ila hiyo saruji! Unakanyaga baridi inapanda mpaka gotini. Usiku ule tulilala wanne godoro moja na koti la babu juu.

Asubuhi nikakuta mambo. Mafuta ya kupikia yameganda ndani ya jeri hayamwagiki, ile ya Gulu inakuwa maji mwaka mzima. Moo yaa imekuwa ngumu kama mshumaa nikaikwangua na kijiko. Maharage nikabandika saa nne, saa tisa bado yanagonga jino. Mwenye nyumba, bibi mmoja ambaye wanangu sasa wanamwita Kaaka, akaja akachungulia sufuria, akaniambia huku lazima uyaloweke tangu jana yake na ufunike vizuri, maana ukiwa juu hivi maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, yanabubujika tu. Alafu akaiona sigiri ndani na madirisha nimefunga. Hapo sura ikabadilika. Akaenda kufungua yote mawili mwenyewe, akaibeba sigiri na kitambaa akaitoa nje na makaa yake, akasema kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba kila mwaka baridi hii inasikika familia imefunga nyumba na makaa ndani, wamelala hawakuamka. Kwenye yuniporti hilo halikuwa la kuwaza, tulikuwa tunapika nje. Kwa hiyo mwenye kusoma hii na anakuja nyanda za juu, jiko linawaka nje, likiisha kuzima kabisa ndo liingie. Mtoto mvalishe soksi mbili, mlaze katikati yenu.

Lakini baridi mtu unaizoea, mitumba ya pale sokoni ina masweta mazito bei ya chini na ndani ya wiki mbili mdogo alikuwa anakimbia na kofia ya sufi hajali. Kilichonitesa ni ukimya. Bareki unaamka na filimbi, unasikia jirani anagombana, unasikia sufuria ya nani imeungua, chumvi ikiisha unanyoosha mkono dirishani. Kirigime kila mtu na uzio wake wa maua, watu wanapita na miavuli wanasalimia "agandi" kwa heshima wanaendelea. Baba watoto anakuja wikendi, akipata ruhusa. Wikendi asipokuja siku zinapita sijaongea na mtu mzima zaidi ya neno moja.

Nilienda kwa chairman wa LC, serikali ya mtaa, na barua, akaandika majina yetu kwenye kitabu, akauliza afande anafanya kazi gani hasa, nikamjibu afande anafanya kazi ya jeshi. Tukacheka wote. Nadhani na wao walikuwa wanatuogopa kidogo, mke wa askari amehamia, hawajui ataleta nini.

Mkubwa alianza shule muhula wa pili. Darasani ni Kiingereza alienda nacho sawa, shida ilikuwa uwanjani, wenzake Rukiga, lugha ya huku, yeye Kiswahili na Kiacholi. Siku ya kwanza alirudi kanuna. Sasa juzi namsikia anamfokea mdogo wake kwa Rukiga, na matusi mengine nahisi ndimo yalimo.

Mimi wa kuongea nao Kiswahili nimewapata msikitini. Ijumaa nilienda nikawakuta kina mama, mmoja mume wake ni dereva wa malori ya Katuna, ule mpaka wa Rwanda uliofungwa 2019 mpaka mwanzo wa 2022, alisema miaka ile walikula akiba yote ikaisha. Mwingine mke wa askari kama mimi, anakaa upande wa Makanga. Nilivyomwambia natoka Gulu akaniuliza laini gani, nikamtajia, akapiga kelele mpaka imamu akageuka, kumbe dada yake alikaa yuniporti ya pili kutoka kwangu kabla sisi hatujafika. Tangu hapo Alhamisi anakuja kwangu au naenda kwake, tunapika posho (ugali wa mahindi) na odi ya Gulu, maana karo ya huku, ugali wa ulezi, bado tumbo langu linaiuliza maswali.

Juzi baba watoto akaja na uvumi kwamba kuna majina yanaandaliwa ya Moroto, kule Karamoja. Nikamwambia uvumi aache huko huko detachi. Kaaka nimeshamlipa kodi mpaka Desemba na mtoto ana mtihani wa kumaliza P.3, signali ikija atatangulia yeye, sisi tutamfuata muhula ukifungwa.